Kujulikana Kuna Nauli Yake

Mwaka 2010, siku chache baada ya filamu yangu ya nne kuingia sokoni, nilipanda daladala pale Mwenge kwenda Kariakoo. Nilisimama karibu na mlango, kichwa nimekiinamisha, mkono mmoja umeshika bomba la juu na mwingine umekumbatia mkoba, na kabla hatujafika Makumbusho konda alikuwa ameshanitambua. Hakuniita kwa jina langu. Aliniita kwa jina la mhusika niliyemwigiza, mke mkubwa aliyemtilia mke mwenziwe sumu kwenye uji wa uzazi, kisha akauliza, kwa sauti ile ile anayoitia abiria, tangu lini wauaji wakapanda gari la walalahoi. Gari zima likacheka. Mama mmoja mtu mzima, aliyeketi dirishani, hakucheka, alinitazama kwa muda, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, yule mwenzio alikukosea nini hasa?" Nikamjibu, "Shikamoo mama, ile ilikuwa filamu tu." Aliitikia marahaba, lakini mkoba wake akausogeza upande wa pili.

Nisiseme uongo, hayo yote niliyafurahia. Kwa mwigizaji wa nafasi za ubaya hakuna tuzo inayozidi kuchukiwa na mtu asiyekufahamu. Kilichonichoma ni swali la kijana mmoja mwenye sare za shule, aliyemnong'oneza mwenzake kwa sauti ambayo hakuizuia vizuri: "Kumbe na mastaa wanapanda daladala?" Nilishuka Magomeni, kabla ya kufika nilikokuwa nakwenda, nikachukua teksi. Kuanzia siku hiyo, kwa karibu miaka minne, sikupanda tena daladala, na ninapopiga hesabu leo naona kwamba uamuzi ule, uliotokana na aibu ya dakika moja, ndio ulionigharimu zaidi katika maisha yangu yote ya uigizaji.

Watu wakisimulia kupanda na kushuka kwa msanii hupenda sababu za karibu: kalewa sifa, kaingiwa na kiburi, kapotezwa na mapenzi. Wapo walioponzwa na hayo, sikatai. Lakini wengi niliowaona wakishuka hawakuwa walevi wala wenye dharau. Jina lao lilipanda juu kwa ngazi moja na kipato chao kikabaki chini kabisa, na katikati ya hivyo viwili ikabidi waishi maisha ya jina kwa fedha za kipato.

Kizazi changu kilikulia mbele ya kituo cha televisheni cha ITV, wakati michezo ya kundi la Kaole ilipokuwa ikizikusanya familia za mtaa mzima kwenye sebule ya yeyote aliyebahatika kuwa na televisheni. Humo ndimo walimotoka Steven Kanumba na Vincent Kigosi, ambaye wengi wanamfahamu zaidi kwa jina la Ray. Mimi nilikuwa mtoto wa Mwananyamala niliyekariri maneno ya waigizaji wa kike na kuyasema upya mbele ya kioo cha kabati la mama. Nilijiunga na kikundi cha maigizo kilichofanyia mazoezi kwenye darasa la shule ya msingi, jioni, baada ya wanafunzi kuondoka, na kwa miaka miwili hatukulipwa chochote. Tulichanga wenyewe fedha ya maji ya kunywa. Nilipopata filamu ya kwanza, mwaka 2007, biashara ilikuwa imeshahama kutoka kwenye televisheni kwenda kwenye diski, na Kariakoo ndiyo iliyokuwa ikiamua nani ni staa na nani si staa.

Mtayarishaji alikusanya fedha, mara nyingi zake mwenyewe au za ndugu, akapiga filamu kwa wiki moja au chini ya hapo, akaihariri, kisha akapeleka masta, yaani nakala mama ya filamu, kwa msambazaji wa Kariakoo. Msambazaji aliinunua kwa mkupuo, akaitoa kwa wingi, na kilichoingia baada ya hapo kilikuwa chake. Bei ya masta haikutegemea hadithi, kwa sababu wakati wa mapatano hakuna aliyekaa kuitazama hadithi yenyewe hadi mwisho. Ilitegemea kava, lile jalada la diski. Msambazaji aliuliza jambo moja tu: kwenye kava kuna nani? Sura mbili kubwa na moja ya wastani zilitosha, na jina la filamu likawekwa kwa Kiingereza hata kama ndani hakuna anayekizungumza. Nimewahi kuigiza katika filamu ambayo picha ya kava ilipigwa kabla skripti haijaandikwa, na skripti ilipokuja ikabidi ituongezee harusi, maana kwenye picha nilikuwa nimevaa shela.

Ndiyo maana pia filamu zetu zilikuwa na Sehemu ya Kwanza na ya Pili. Diski mbili zilileta fedha zaidi ya diski moja, na hadithi ya saa moja na robo ilipaswa kunyooshwa hadi ifike saa mbili na nusu. Watazamaji wametucheka miaka mingi kwa zile picha za honi kulia, mlinzi kufungua geti, gari kuingia polepole, mtu kushuka, kufunga mlango, kutembea hadi barazani na kuvua viatu. Wana haki ya kucheka. Mimi mwenyewe nimetembea kutoka getini hadi barazani mara sita kwa siku moja, nikiwa na magauni sita tofauti, na dairekta akinihimiza, "Dada, taratibu zaidi, usifike haraka." Baadhi yetu tulilipatia tatizo hilo jina zuri tukaliita mtindo wetu. Haukuwa mtindo.

Magauni yale sita yalikuwa yangu. Katika filamu nyingi nilizoshiriki hapakuwa na mtu wa mavazi. Uliitwa lokesheni na begi lako, na mwigizaji mwenye nguo nyingi alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuitwa tena. Filamu ya kwanza nililipwa chakula na nauli. Ya pili nilipewa shilingi laki moja. Ile ya uji wa sumu, iliyonifanya nisitembee kwa amani sokoni Tandale, ilinipa laki sita, kwa mafungu matatu, na la tatu nililifuatilia kwa miezi mitano. Kiwango changu cha juu kabisa kilikuwa milioni moja na nusu. Nilipata kazi moja kila baada ya miezi miwili hivi, na katikati yake kulikuwa na nywele, kucha, viatu, na ile teksi.

Tena kulikuwa na kadi za michango. Mtu asiyeishi Dar es Salaam huenda asielewe uzito wa jambo hili. Kila wiki niliwekewa mlangoni au mkononi bahasha ya kadi: harusi ya mtoto wa jirani, sendofu, kicheni pati, kipaimara. Jirani yangu muuza mkaa alichangia elfu kumi na hakuna aliyenung'unika. Mimi nilipotoa elfu ishirini, mwenyekiti wa kamati, mjomba wangu kabisa, aliirudisha mezani kwa ncha ya kidole akaniambia, "Mama, usituaibishe. Watu wanakuona kwenye kava, sisi tutasema nini?" Nilikopa. Baadaye nilizijua ofisi tatu za mikopo midogo pale Mwananyamala na Kinondoni, na katika zote tatu makarani waliniomba tupige picha pamoja kabla ya kunipa fomu.

Sitaki ionekane kana kwamba ilikuwa dhiki tupu. Niwape usiku mmoja tu. Tulikuwa tumekodi nyumba Mbezi Beach, saa zilikuwa zimekwenda, jenereta linanguruma nyuma ya ukuta na dairekta analaani jenereta. Onyesho lilikuwa la uji. Nilitakiwa nikoroge, nionje kwa ncha ya ulimi kabla ya kutia sumu, nitie, nikoroge tena, kisha nimpelekee mke mdogo kitandani huku nikimwita mdogo wangu. Mara tatu za kwanza niliigiza ubaya: macho nikayakaza, midomo nikaipinda, kama tulivyozoea kufanya. Mara ya nne nilikuwa nimechoka, na uji ulikuwa umepoa ukashika utando juu. Nikautoa ule utando kwa kijiko, nikaupangusa pembeni mwa kikombe kwa uangalifu, kama mtu anayemjali mgonjwa wake, halafu ndipo nikatia sumu. Hakuna aliyeniagiza. Ilitokana na mkono wa bibi yangu, ambaye hakuwahi kumpa mgonjwa uji wenye utando.

Dairekta hakusema "kata". Kamera iliendelea. Nje ya dirisha, ambako msichana wa kazi wa nyumba ya jirani alikuwa amepanda juu ya tofali kutuchungulia, tulisikia mtu akisema, "Jamani, usinywe!" Mke mdogo, mwenzangu kitandani, alishtuka kweli, na mshtuko ule ndio uliobaki kwenye filamu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, si kabla wala baada. Nikiulizwa juu kabisa pa kazi yangu palikuwa wapi, sitataja zulia wala tuzo. Nitataja lile tofali.

Mkataba wa filamu hiyo niliutia saini juu ya boneti ya gari, kwenye mtaa wenye mikokoteni na kelele za wachukuzi, kalamu ya kuazima. Ulikuwa ukurasa mmoja na nusu, kwa Kiingereza. Kiingereza changu kilitosha kuelewa kwamba nimepokea fedha na kwamba nimetoa haki zote. Kulikuwa na maneno mengine, kwamba haki hizo ni kwa njia zote zilizopo na zitakazokuja, ambayo niliyaona kama mapambo ya wanasheria. Tanzania ilikuwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na hiyo hakishiriki ndiyo inayomgusa mtu kama mimi, anayeigiza kazi iliyotungwa na mwingine. COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, nacho kilikuwapo. Lakini sheria humlinda mtu katika kile alichobakiza, na mimi juu ya boneti lile sikubakiza kitu.

Kisha ikaja Aprili 2012. Kanumba alifariki usiku wa kuamkia tarehe 7, nyumbani kwake Sinza, akiwa na umri wa miaka 28. Alikuwa ametufungulia njia ambazo hatukuzidhania. Alikuwa ameigiza na waigizaji wa Nigeria, akatufanya tuamini kwamba sura ya mtu wa Shinyanga inaweza kuuzwa mbali na Kariakoo. Tarehe 10 nilikuwa Leaders Club, Kinondoni, tulipomuaga. Sijui namna ya kuueleza ule umati. Watu walipanda juu ya miti na kuta, wanawake walizimia wakabebwa kupita juu ya vichwa vya wengine, na barabara ya kuelekea makaburini ilijaa hadi gari lililobeba jeneza likawa linakwenda kwa mwendo wa miguu. Nililia kama wengine. Ila katikati ya kilio lilinijia wazo ambalo nililionea haya siku ile na sasa silionei haya tena: watu wote hawa, kama kila mmoja wao angekuwa amenunua diski moja halali ya kila filamu aliyoipenda, na kama sehemu ya fedha hiyo ingekuwa inarudi kwa mwigizaji, hakuna hata mmoja wetu pale ambaye angekuwa anadaiwa kodi ya chumba.

Maana wengi hawakununua. Walitazama kwenye vibanda umiza, yale mabanda ya video ya mitaani, walikodi, waliazimana, na kadiri miaka ilivyokwenda walinunua kwa wamachinga diski moja iliyobanwa filamu kumi na zaidi kwa bei ya soda chache. Siwalaumu kwa ukali. Mtu mwenye shilingi elfu mbili haulizi stempu iko wapi. Stempu za TRA, mamlaka ya mapato, zilianza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013, zikatarajiwa kutenganisha halali na haramu, na kwa muda wasambazaji walisema hali itatengemaa. Wakati huo huo simu zenye memori kadi zilikuwa zimeenea, na kila kona ya mji alikuwapo kijana mwenye kompyuta na kibao kilichoandikwa kwa mkaa, anayekuwekea filamu kwenye kadi wakati unasubiri. Diski yenyewe, halali na haramu, ilikuwa inakufa. Azam TV ilikuwa imeanza, ving'amuzi vimeingia majumbani, na tamthilia za Uturuki, Ufilipino na Korea zilizotiwa Kiswahili zikaanza kuzungumzwa saluni badala yetu.

Simu yangu ilinyamaza mwaka 2014. Haikukatika ghafla, ilianza kwa kuitwa nafasi ndogo zaidi, kisha kuambiwa nisubiri, kisha kusikia kwamba wanataka sura mpya, neno ambalo kwa mwanamke aliyevuka miaka thelathini lina maana moja tu. Kushuka hakuna tarehe, na hilo ndilo linalotesa. Unaendelea kulipia teksi kwenda kwenye mikutano isiyokuwapo. Unanunua nywele kwa ajili ya filamu ambayo mtayarishaji wake ameshahamia kwenye biashara ya vipuri. Kilichoniokoa ni pikipiki. Siku moja nilipungukiwa, nikapanda bodaboda, kijana akanipa helmeti, na tangu Sinza hadi Posta hakuna aliyeniangalia. Chini ya lile kofia zito lenye harufu ya jasho la watu wengine nilikuwa mwanamke yeyote wa Dar es Salaam anayewahi shughuli zake. Niliteremka nikiwa nimelipa elfu tatu, na nilijisikia tajiri.

Baada ya hapo nililifungua lile begi. Nguo za lokesheni zilikuwa zimejaza makabati mawili, na wanawake wawili wa mtaani walishaniomba kuazima gauni la sendofu. Nilikodi chumba kimoja cha duka Sinza, nikaning'iniza magauni kumi na manne, nikaanza kukodisha. Wateja wa kwanza walikuja kumwona muuaji, wakaondoka na gauni. Duka hilo ndilo lililomaliza madeni yangu, na naona nieleze bila kificho kwamba miaka minane ya filamu haikuweza kufanya hivyo.

Aprili 2017 wasanii wenzangu waliandamana Kariakoo wakiwa na mkuu wa mkoa, kupinga filamu za nje zilizokuwa zikiuzwa bila kufuata taratibu. Nilialikwa, sikwenda. Nilikubali hoja yao ya kodi na stempu, lakini nilisikia mtaani jinsi watu walivyowabeza, wakisema tengenezeni kwanza kazi nzuri. Nikakumbuka geti. Tulikuwa tumewauzia watu Sehemu ya Pili isiyo na hadithi kwa miaka kumi, na wao walikuwa wanatulipa kwa kejeli. Hata hivyo kejeli ile haikuwafikia waliostahili. Walioamua urefu wa filamu hawakuwa wamesimama barabarani siku ile. Waliosimama ni wale ambao nyuso zao zilikuwa kwenye kava.

Mwaka uliofuata ndipo suala la mikataba lilipozungumzwa hadharani na wakubwa, wakati Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, mtu aliyeichekesha nchi hii kwa vizazi kadhaa, alipokuwa mgonjwa na malalamiko kuhusu malipo yake yakajulikana. Waziri wa habari na sanaa aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Mzee alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Kabla yake mwigizaji mwenzetu Juma Kilowoko, tuliyemwita Sajuki, alikuwa amefariki Januari 2013 baada ya kuugua muda mrefu, na matibabu yake yalihitaji mashabiki kuchangishana. Nilipowasikia watu wakiuliza wasanii hawa fedha zao wamezipeleka wapi, nilitamani kuwaonyesha ule ukurasa mmoja na nusu.

Mwaka juzi nilipigiwa simu na vijana wanaotengeneza tamthilia ya televisheni. Nafasi ilikuwa ya mama wa mhusika mkuu, mjane mwenye duka, mwenye maneno machache. Malipo yalikuwa kwa kila kipande kinachoonyeshwa, na mkataba ulikuwa wa kurasa kumi na moja, kwa Kiswahili. Niliuomba nikae nao siku nne. Nilimpelekea binti wa dada yangu, anayesoma sheria, tukausoma kwenye duka langu, katikati ya magauni, akawa anapigia mstari na mimi nauliza. Pale palipoandikwa "kwa njia zote zitakazokuja" tuliomba pabadilishwe. Walikataa mara ya kwanza. Mara ya pili wakakubali miaka mitano. Kijana aliyeshughulikia mikataba alinitazama kwa mshangao akasema, "Shangazi, hakuna mwigizaji aliyewahi kutuuliza hilo." Lokesheni yao ina mtu wa mavazi. Siku ya kwanza nilikwenda na begi langu kwa mazoea, akanipokea nalo mlangoni akaliweka pembeni.

Jioni ya siku hiyo niliita bodaboda pale nje ili nirudi Sinza. Nilivaa helmeti kabla sijaanza kupatana bei, lakini sauti haina helmeti. Kijana aligeuka akanitazama, akatoa tabasamu la mtu aliyeokota kitu. Hakuwa na umri wa zaidi ya miaka ishirini na miwili. Filamu ile ilipotoka alikuwa darasa la kwanza au la pili. Akasema, "Mama, si wewe uliyetia sumu kwenye uji?" Nilimwuliza ameiona wapi. Alitoa simu mfukoni akanionyesha: YouTube, pati wani na pati tuu, zote mbili, zimewekwa na mtu nisiyemjua, na idadi ya waliotazama ilikuwa na tarakimu nyingi kuliko nilivyowahi kuandika kwenye risiti. Tangazo la sabuni lilikatiza pale nilipokuwa nakoroga. Alisubiri liishe, akanionyesha lile onyesho la utando, akasema hapo ndipo mama yake mzazi alipozima simu kwa hasira.

Nilimrudishia simu, nikamwuliza hadi Sinza ni shilingi ngapi.

"Kwa kawaida ni elfu tatu," akasema, akiwasha pikipiki. "Lakini kwa mtu kama wewe, mama, toa tano."